JE, NI KWELI KWAMBA AJALI HAINA KINGA?

Habari za mafundi na vibarua wa majengo katika mitaa ya mashariki ya Nairobi

Kabla jua halijachomoza, Barabara ya Jogoo na Barabara ya Juja hujaa watu waendao kwa miguu. Hutoka Kayole, Dandora, Umoja, Huruma na Mathare. Wengine huelekea viwandani, na wengine huelekea mahali panapojengwa nyumba, ambapo wenyeji wa Nairobi hupaita "mjengo". Fundi mwashi hutambulikana kwa mwiko na pima maji vilivyomo mfukoni mwake. Lakini yule aitwaye "mtu wa mkono", ambaye kazi yake ni kuchanganya saruji, kubeba mawe na kupandisha karai juu ya ngazi, hana chombo chochote ila mikono yake miwili na nguo kuukuu za kubadilisha.

Wafikapo, husimama mlangoni. Mnyapara hutoka, huwatazama, kisha huchagua: wewe, na wewe, na yule mrefu. Aliyechaguliwa hushukuru Mungu, na asiyechaguliwa huenda kujaribu bahati yake mahali pengine. Mara nyingi hapana karatasi inayoandikwa. Mtu haulizwi jina lake, wala haulizwi kama amepata kupanda jukwaa siku yoyote ya maisha yake. Jambo hilo huonekana dogo, lakini ndipo hatari inapoanzia. Maana mtu ambaye jina lake halikuandikwa asubuhi, akifukiwa na kifusi saa nane mchana, hakuna ajuaye kwamba yumo.

Wazee walisema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni nzuri kwa kumfariji mtu aliyefikwa na msiba. Lakini haikutungwa ili iwe udhuru wa mtu aliyezembea, na siku hizi husemwa upesi mno na watu wasiotaka kuulizwa maswali. Yafaa basi kuuliza: katika kazi ya ujenzi, ni ajali ngapi ambazo kweli hazina kinga?

NYUMBA ZA CHINI NA NYUMBA ZA JUU

Mitaa ya mashariki ya Nairobi ilikua kidogo kidogo. Pumwani ulianzishwa katika miaka ya 1920. Kaloleni ukajengwa katika miaka ya 1940. Mbotela na Ofafa ikafuata katika miaka ya 1950. Nyumba za mitaa hiyo zilikuwa za chini, nyingi za mawe na vigae, na zilisimamiwa na wakuu wa mji. Baada ya Uhuru ukaja mtaa wa Buruburu, na mpango wa viwanja vya Dandora uliosaidiwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1970.

Mambo yalibadilika watu walipozidi kuongezeka. Katika Huruma, Pipeline, Tassia na kwingineko, mwenye kiwanja kidogo aligundua kwamba akijenga orofa moja atapata wapangaji wachache, na akijenga saba atapata kodi ya kutosha kulipa deni lake na kusomesha watoto. Hapo hapana dhambi. Watu wanahitaji vyumba, na mwenye kujenga anahitaji faida. Ubaya huingia pale msingi uliochimbwa kwa ajili ya orofa mbili unapobebeshwa sita, na pale fundi aliyezoea nyumba za chini anapoachiwa kazi inayohitaji mhandisi.

USIKU WA HURUMA

Ijumaa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilikuwa ikinyesha mjini Nairobi. Kiasi cha saa tatu usiku, jengo la orofa sita lililokuwa karibu na mto katika mtaa wa Huruma lilianguka. Watu walikuwa wamekwisha rudi kutoka kazini, na wengine walikuwa wakila chakula cha usiku. Jengo lote lilishuka chini.

Wakazi wa jirani ndio waliofika kwanza, wakachimba kwa mikono. Baadaye wakaja askari, Msalaba Mwekundu na vijana wa Huduma kwa Taifa. Mitambo mikubwa ilipita kwa shida kwa sababu njia zilikuwa nyembamba na watu walikuwa wamejaa. Alfajiri ya Jumanne, baada ya saa zipatazo 80, mtoto mchanga wa kike alitolewa hai, akiwa amezungushiwa blanketi ndani ya ndoo. Mama yake hakupona. Siku mbili baada ya hapo, mwanamke mmoja naye alitolewa akiwa hai. Lakini watu wapatao 50 walikufa.

Maofisa wa serikali walisema kwamba jengo hilo lilikuwa limekwisha hesabiwa miongoni mwa majengo mabovu ya kubomolewa. Hata hivyo watu waliendelea kulala ndani yake na kulipa kodi. Tena, msiba huo ulitokea siku moja tu baada ya tarehe 28 Aprili, ambayo tangu mwaka 2003 Shirika la Kazi Duniani huiadhimisha kuwa siku ya usalama na afya kazini.

Huruma haukuwa msiba wa kwanza wala wa mwisho. Tarehe 23 Januari 2006, jengo la orofa kadhaa lililokuwa bado linajengwa karibu na Nyamakima, katikati ya mji, liliwaangukia mafundi na vibarua. Zaidi ya watu 10 walikufa, wengi sana waliumia, na waokoaji walikuja hata kutoka Israeli. Tarehe 6 Desemba 2019, jengo la orofa sita lilianguka katika mtaa wa Tassia, Embakasi, likaua watu 10.

UFA ULIOOKOA WATU

Yafaa kukumbuka pia habari ya Kware, karibu na Pipeline. Jumatatu tarehe 12 Juni 2017, nyufa zilionekana katika kuta za nyumba ya orofa saba. Watu walipewa habari, na wakazi wengi wakatoka. Usiku ule ule jengo likaanguka. Wako waliokuwa bado ndani, na baadhi yao walikufa. Lakini hesabu ya vifo ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ile ya Huruma.

Majengo yote mawili yalikuwa ya mji mmoja, na yote mawili yaliwahifadhi watu wa hali moja. Katika Kware ufa ulionekana, ukasemwa, na watu wakatii. Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" haikutosha siku ile, kwa sababu ufa wa jengo lililokwisha kulemewa hauzibiki kwa saruji. Dawa yake ni kutoka nje kwanza, kisha kumwita mtu ajuaye.

JENGO HUANGUKAJE?

Watu wengi hudhani kwamba jengo huanguka kwa ghafula. Ukweli ni kwamba huanza kuanguka siku linapojengwa. Udongo wa sehemu nyingi za mashariki ya Nairobi ni ule mweusi unaonata. Mvua ikinyesha huvimba, na jua likiwaka hunywea na kupasuka. Msingi uliowekwa juu ya udongo huo hupandishwa na kushushwa mwaka baada ya mwaka, mpaka kuta zinapasuka. Kwa hiyo mjenzi hodari hauachi mtaro wake mpaka afikie murramu ngumu au mwamba.

Jambo la pili ni saruji. Mchanganyiko uliozoeleka kwa nguzo na sakafu za juu ni karai moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Mwenye haraka au mwenye choyo hupunguza saruji, hutia mchanga wenye udongo, na humimina maji mengi ili mchanganyiko uteremke kwa urahisi. Maji hayo yanayopunguza taabu ya koleo ndiyo yanayopunguza nguvu za nguzo.

Jambo la tatu ni subira. Saruji haikauki kama nguo, hukomaa. Hutakiwa kumwagiwa maji kila siku kwa muda wa juma moja au zaidi, na nguvu zake kamili huhesabiwa baada ya siku 28. Ile miti ya mikaratusi inayotegemeza sakafu ya juu haifai kuondolewa kabla ya wakati aliouamuru mhandisi. Lakini mara nyingi mwenye nyumba hutaka miti ile ile itumike orofa inayofuata juma lijalo, naye mnyapara hukubali. Hapo watu hufanya kazi juu ya sakafu changa na chini ya sakafu changa, wasijue.

HATARI ZISIZOANDIKWA MAGAZETINI

Jengo likianguka, habari zake huenea dunia nzima. Lakini fundi mmoja akianguka kutoka orofa ya tatu, habari hufika kwao tu. Majukwaa mengi hutengenezwa kwa miti iliyofungwa misumari na kamba, bila reli ya kumzuia mtu asiteleze, na mbao zake hazikufungwa. Mtu wa mkono hupita juu yake na karai kichwani, asione anapokanyaga.

Mtaro nao huua kimya kimya. Kipande cha udongo chenye mita moja kila upande huwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Kuta za mtaro zisipotegemezwa kwa mbao, na udongo ukirundikwa ukingoni baada ya mvua, mtu aliyeinama chini hana nafasi ya kukimbia. Akifukiwa mpaka kifuani hawezi kupumua, hata ikiwa kichwa chake kinaonekana.

Hatari nyingine huja polepole. Saruji mbichi ikiingia ndani ya viatu huchoma ngozi, na mwenyewe hugundua jioni. Vumbi la mawe yanayochongwa na kukatwa huingia mapafuni, likakaa humo miaka mingi, mpaka siku mtu anapoanza kukohoa na kukosa pumzi akadhani amerogwa. Tena kuna nyaya za umeme zipitazo karibu na orofa za juu, ambazo kijana aliyeshika chuma kirefu huweza kuzigusa kwa kugeuka tu.

Na kofia ngumu? Katika mijengo mingine huwapo moja au mbili, zimetundikwa ofisini, nazo huvaliwa mkaguzi akija. Mkaguzi akiondoka hurudishwa msumarini.

SHERIA YASEMAJE?

Si kweli kwamba nchi haina sheria. Katika Kenya sheria ya kulinda watu viwandani ilianza kutumika mwaka 1951, na mwaka 1984 zikatolewa kanuni maalumu za kazi za ujenzi, zihusuzo majukwaa, ngazi, mitaro na mitambo ya kuinulia. Mwaka 2007 ilitungwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini, iliyoondoa ile ya kale. Kwa sheria hiyo, mwenye kuajiri hana budi kuwapa watu wake mahali salama pa kazi, maelezo, mafunzo na usimamizi, na hutakiwa kuwapa vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi hutakiwa kuwe na kamati ya usalama. Mtu akifa kazini, ofisa wa usalama wa eneo hilo apewe habari katika muda wa saa 24.

Mfanya kazi naye ana wajibu wake. Hutakiwa kuvaa vifaa alivyopewa, kufuata maagizo, na kumwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa. Akiisha kutoa habari hiyo, sheria hairuhusu arudishwe kwa nguvu mahali ambapo hatari bado ipo, wala aadhibiwe kwa sababu amesema.

Mwaka huo huo wa 2007 ilitungwa pia Sheria ya Fidia kwa Walioumia Kazini. Aliyeumia humwarifu mwajiri wake, kwa maneno au kwa maandishi, na mwajiri humwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akifa, au akipata kilema kamili cha daima, fidia huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Madai hutakiwa kupelekwa kabla ya miezi 12 kupita. Wajane wengi hupoteza haki hii kwa kutojua tarehe, au kwa kupewa pesa kidogo za mazishi na kuambiwa kwamba mambo yamekwisha.

Kisha mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kazi yake ni kuandikisha makontrakta, kuwatambua mafundi na wasimamizi wenye ujuzi, na kukagua mijengo. Kwa hiyo mtu anayeona jengo la hatari karibu na nyumba yake anajua ni nani wa kuambiwa.

Sheria hizi ni nzuri, ila hazina miguu. Wakaguzi ni wachache na mijengo ni mingi. Jengo lililokatazwa mchana huweza kuendelea usiku kwa taa, na alama nyekundu iliyopakwa ukutani huweza kufunikwa kwa rangi nyingine. Kwa sababu hiyo macho ya kwanza ya sheria ni ya yule aliyeko mjengoni tangu asubuhi mpaka jioni.

KUJUA NI KINGA

Ufundi wa ujenzi haukuanza kufundishwa jana. Katika miaka ya 1920 kulikuwa na chuo cha serikali huko Kabete cha kuwafundisha vijana uashi, useremala na kazi nyinginezo. Leo Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yenye chuo chake katika eneo la viwanda la Nairobi, huwajaribu mafundi na kuwapa vyeti vya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Fundi aliyejifunza kwa kumtazama baba yake au mjomba wake huweza kujaribiwa na kupewa cheti, hata kama hakukaa darasani. Ni jambo la kusikitisha kwamba mafundi wengi hodari huona haya kwenda, wakidhani cheti ni cha watoto wa shule.

Lakini kuna mafunzo mengine yasiyohitaji chuo. Makampuni makubwa huwakusanya watu wote kwa dakika kumi kabla ya kazi kuanza. Msimamizi hutaja kazi ya siku ile na hatari yake: leo tunamimina saruji orofa ya nne, mtu asipite chini, leo mtaro umejaa maji, mtu asiingie mpaka kuta zitegemezwe. Majina huandikwa daftarini. Mgeni hupewa mwenyeji wa kumwongoza. Dakika kumi hizo hazina gharama ila ya daftari na kalamu, na mwenye kujenga nyumba ya orofa nne katika Kayole anaweza kufanya vile vile.

Na ichukuliwe mfano wa kijana aliyetoka shamba juma lililopita. Anapandisha karai, naye anaona ufa umetokea chini ya boriti, mahali ambapo jana haukuwapo. Anamwendea mnyapara na kusema, "Mzee, naomba uje uone pale chini ya boriti." Mnyapara anayejua kazi yake ataacha alilokuwa akifanya, atapanda akatazame, na akiona shaka atawateremsha watu wote. Asiyejua atamjibu, "Kijana, umekuja kubeba karai au kutazama kuta?" Kijana atafikiri habari ya kodi, ya unga, na ya mama yake anayengoja pesa, kisha atainua karai yake na kunyamaza. Katika dakika ile moja huamuliwa kama jengo lile litakuwa kama Kware au kama Huruma.

Kwa hiyo lawama isimwangukie kijana peke yake. Kumwambia maskini akatae kazi ya hatari ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi. Wajibu mkubwa ni wa mwenye pesa za kujenga, kisha wa kontrakta, kisha wa mnyapara, na mwisho ndio wa kibarua. Hata hivyo vibarua wakisema pamoja husikilizwa kuliko mmoja akisema peke yake. Watu kumi wakiteremka pamoja kutoka jukwaa bovu, jukwaa hilo litatengenezwa kabla ya chakula cha mchana.

KWA MSOMAJI MWENYE KUTAKA KUJENGA

Wako wasomaji, wakulima na makarani, ambao wameweka akiba kidogo kidogo nao wanataka kujenga nyumba ya kupangisha, ama Nairobi ama katika miji midogo ya wilaya zao. Wao ndio waajiri wa kesho, na maneno haya ni yao hasa. Wasianze kazi kabla ya michoro kukubaliwa. Wamlipe mhandisi aupime udongo kabla ya kununua jiwe la kwanza. Waulize cheti cha kontrakta, na wahakikishe kwamba ameandikishwa. Wasiongeze orofa kwa sababu jirani ameongeza. Waweke bima ya wafanya kazi, kama sheria inavyoamuru. Na kila asubuhi waandike majina ya watu wote walioingia mjengoni, pamoja na namba ya simu ya mtu wa nyumbani kwa kila mmoja.

Mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulitia mahali pa kazi palipo salama miongoni mwa haki za msingi za kila mfanya kazi. Hayo ni maneno ya wakubwa, nayo ni mema. Lakini katika mitaa ya mashariki ya Nairobi haki hiyo hupimwa kwa mambo madogo: ubao uliofungwa vizuri, mti wa mkaratusi ulioachwa mahali pake siku chache zaidi, kofia iliyotolewa msumarini ikavaliwa.

Mtetemeko wa nchi huenda hauna kinga. Lakini mtaro usiotegemezwa, sakafu changa na daftari lisilo majina ni vitu vyenye kinga tangu zamani, na kinga yenyewe inajulikana. Kesho kabla ya mapambazuko Barabara ya Jogoo itajaa tena watu, na nyumbani kwa kila mmoja wao yuko anayemngoja arudi kwa chakula cha usiku.